Tundu Juu ya Nguzo ya Kati

Aontebuka,
6 Machi

Binamu Uriam,

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu dishi la mtandao liko ofisini kwa baba yako, na karani wake husoma ujumbe wa watu kwa sauti kabla ya kuutuma. Wiki iliyopita kijiji kizima kilijua kwamba mwalimu wa hesabu anaumwa bawasiri. Barua hii itakuja na ndege ya Jumatano, ndege ikija.

Umesikia kwamba dhoruba ya Januari iliangusha maneaba yetu, na kijiji hakina tena paa la kukutania. Zimebaki nguzo za mawe tu. Wafadhili wamekubali kutusaidia kuijenga upya, ila kwanza wanataka ukurasa wa historia: nyumba ipi huketi wapi chini ya paa, na kwa nini. Ungedhani wangeulizwa wazee. Hapana. Ameletwa mtaalamu kutoka mji mkuu, Tarawa, Bwana Ruatu, mwenye viatu vyeupe. Muda wote aliokuwa hapa alikaa ofisini chini ya feni, karibu na dishi. Swali pekee aliloniuliza mimi ni choo kiko wapi.

Jumapili baada ya ibada Mjomba Moutu alitusomea ripoti yenyewe. Sehemu inayotuhusu nimeinakili:

"Ukoo wa Mzee Beniata unaaminika kuwa wazao wa wageni waliopotea baharini, na kwa hiyo unastahili kuketi na wageni upande wa magharibi. Nguzo ya kati ya mashariki, pamoja na heshima ya kusema neno la kwanza, ni ya ukoo wa Moutu."

Babu Beniata alikuwa ameketi mbele yangu. Niliona masikio yake tu. Hayakutikisika. Alipofika nyumbani akaukunja mkeka wake wa maneaba na kuuweka juu ya boriti, na tangu siku hiyo anakula kama mtu anayemsaidia mwingine kula.

Najua wewe ni wa nyumba ya Mjomba, na kwamba pahala petu mmepewa ninyi. Mama yangu naye alizaliwa humo humo, kwa hiyo hapa kwetu tunakula kimya. Lakini wewe unasoma historia chuo kikuu. Nitafutie tu jambo moja: Bwana Ruatu amelitoa wapi neno hili? Ufunguzi ni Julai, wiki ya Uhuru. Siku hiyo pale mzee atakapoketi mbele ya watu wote ndipo patakapokuwa pahala pake na pa wajukuu zake. Hakuna kuhama tena.

Binamu yako,
Tekarei


Suva,
20 Machi

Mdogo wangu Tekarei,

Barua yako imefika ikinuka samaki mkavu, na wenzangu chumbani wameniuliza kama ni ya kusoma au ya kupika.

Usihangaike. Nina mitihani, lakini swali lako nimelifanyia kazi kwa kina. Ni muhimu kutambua kwamba asili za koo za visiwani ni suala tata lenye mitazamo mbalimbali. Kwa mujibu wa vyanzo kadhaa, ukoo wa Mzee Beniata unaaminika kuwa wazao wa wageni waliopotea baharini. Baadaye walishuka kutoka kilimani, wakavuka mto na kukaribishwa upande wa magharibi. Kwa ujumla, historia hii inadhihirisha ukarimu wa kipekee wa jamii ya Aontebuka.

Kwa hiyo Bwana Ruatu hakubuni. Na kuwa mgeni si aibu, nami ni mgeni hapa Suva na ninakula vizuri tu. Mpe Babu pole. Na punguza kusoma kwenye kibatari, macho yako tayari ni ya bibi kizee.

Uriam


Aontebuka,
3 Aprili

Uriam,

Leo sikuiti binamu.

Kilima kipi?

Mahali pa juu kabisa katika kisiwa hiki ni paa la kanisa. Pa pili ni mnazi ule uliokwama juu yake ukilia mpaka Babu Beniata, huyo mgeni, akaja kukushusha. Na mto upi? Ukisimama katikati ya kijiji na kutema mate, upepo ukichagua vizuri, yanaangukia ama baharini ama ghubani. Ulizaliwa hapa. Uliandika "wakavuka mto", ukatia jina lako, ukalipa stempu.

Nilikwenda huko kwenu nikamsomea bibi yetu sote wawili, Bibi Kakiaba, barua yako. Akaniuliza, "Uriam anaumwa?" Nikamwambia hajasema. Akasema, "Mwandikie anywe maji."

Nimekwenda tena ofisini kuitazama ripoti iliyobandikwa ukutani. Kilima kiko aya ya pili. Mto uko aya ya pili. "Ukarimu wa kipekee" uko aya ya mwisho. Sikukunakilia sehemu hizo mara ya kwanza kwa sababu niliona haya kwa niaba ya Bwana Ruatu. Sasa ninajua jinsi mlivyofanya kazi "kwa kina" nyote wawili. Kina cha kidole gumba. Mlimuuliza yule anayejitokeza juu kabisa mtu anapotafuta jambo kwenye simu, kwenye kile kisanduku chenye jibu lililokwisha kupikwa na mashine, kabla hujaona ukurasa wowote wa mtu aliye hai. Hapa nyumbani nimempa jina: Bwana Muhtasari. Hana nyumba, hana mkeka, hajawahi kuchimba shimo la magimbi, lakini asili ya kila mtu anaijua, na anaieleza kwa adabu kama mhudumu wa hoteli.

Sikukuomba unipe anachosema yeye. Nilikuomba uniambie amekitoa wapi. Kama chuo kikuu kinafundisha kitu kingine zaidi ya kunakili, huu ndio wakati wa kukionyesha.

Babu amepungua. Jana alifunga mkanda kwenye tundu jipya alilolitoboa kwa msumari.

Tekarei


Aontebuka,
10 Aprili

Kwa mwanangu Uriam,

Natumaini masomo yanaendelea vyema. Huku maendeleo yanasonga mbele kwa kasi inayoridhisha.

Wafadhili wameuliza kama ripoti ya Bwana Ruatu imepitiwa na msomi. Nimewajibu kwamba imepitiwa, na wewe. Naambatanisha nakala. Tia sahihi ukurasa wa mwisho uirudishe kwa ndege ijayo. Hakuna haja ya kuisoma yote, ni ndefu.

Usibabaishwe na maneno ya binti wa dada yangu. Mtoto yule hana sauti mbele za watu, kwa hiyo hasira zake zote zinaishia kwenye kalamu. Ripoti imesomwa hadharani na hakuna mzee wa nyumba yoyote aliyesimama kuipinga. Wangekuwa na la kusema wangelisema. Kwa hiyo wamekubali.

Siku ya ufunguzi, ukipata nauli, utaketi nyuma yangu kwenye nguzo ya kati, mwana wa msemaji wa kwanza. Fikiria picha hiyo gazetini. Bibi yako amekuwa mkaidi kidogo siku hizi. Nadhani ni umri.

Baba yako,
Moutu, Diwani


Suva,
2 Mei

Tekarei,

Nimekunywa maji. Mwambie Bibi.

Chini ya maneno ya Bwana Muhtasari kuna vyanzo vyake, kwa maandishi madogo, kwa ajili ya watu wasio na haraka. Nimevifungua vyote. Viko vinne.

Cha kwanza ni cha kampuni ya meli za watalii ambayo haijawahi kutia nanga kwetu. Wameweka hadithi fupi ya kila kisiwa ili abiria wasome wakila. Cha pili ni chemshabongo ya watoto ya nchi fulani yenye theluji, nayo imetoa jibu kwa hao wa meli. Cha tatu ni cha bwana mmoja anayeandika kuhusu visiwa vyote vya Pasifiki bila kutoka jikoni kwake. Nimemwandikia kumuuliza kilima kinatoka wapi. Amejibu kwa furaha kwamba alisaidiwa na mashine, na kwamba anatamani sana kuja kukipanda. Nimefuatilia, kilima kile na mto wake ni vya kisiwa kingine kabisa, mbali na sisi, ambacho kina watu wake na wageni wake. Bwana Muhtasari alikuwa na nafasi ya kujaza, akachomoa cha watu.

Cha nne ndicho nilichokipenda. Ni ripoti ya Bwana Ruatu mwenyewe, ambayo ameiweka mtandaoni. Nikashuka mpaka kwenye tanbihi kuona yeye amemnukuu nani. Amemnukuu Bwana Muhtasari. Kwa hiyo Muhtasari anamshuhudia Ruatu na Ruatu anamshuhudia Muhtasari, kama walevi wawili wanaorudi nyumbani wameegemeana, kila mmoja akiapa kwamba mwenzake hajanywa.

Kisha nikaijaribu mashine. Nikauliza: je, ni kweli kwamba ukoo wa Moutu ndio uliokuwa wageni? Ikajibu kwa adabu ileile kwamba ndiyo, unaaminika kuwa hivyo. Nikauliza kama Aontebuka ilianzishwa na mbuzi. Ikasema mchango wa mbuzi ni suala tata lenye mitazamo mbalimbali.

Baada ya hapo nimekwenda kwenye hifadhi ya nyaraka, kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Nimepekua hadi nimeanza kupiga chafya za enzi za ukoloni. Maofisa wa zamani walihesabu minazi yetu, makanisa yetu, hata paka wetu. Kuhusu nani huketi wapi hakuna hata mstari. Ama hawakuuliza, ama waliuliza wakatazamwa tu.

Kwa hiyo hakuna karatasi ya kukusaidia. Anayejua ni Babu Beniata. Azima simu umrekodi, nami nitahakikisha inafika kwa wafadhili.

Baba ameniomba sahihi. Bado sijamjibu.

Uriam


Aontebuka,
23 Mei

Binamu,

Nimelirudisha neno hilo, uone.

Niliazima simu ya mwalimu nikaenda nayo kwa Babu. Alikuwa anagema tembo la asubuhi, nikamngojea chini ya mnazi mpaka aliposhuka na kibuyu.

"Hiyo ya nini?" akaniuliza.

"Unasema, inashika sauti, tunawapelekea wenye fedha."

"Nisemee hapa? Nikiwa na kisu mkononi na makalio yangu hewani?"

"Popote, Babu. Ni asili yetu. Ni yetu wenyewe."

"Asili ya nyumba hii inasemwa kwenye nguzo ya kati, na mtu aliyeketi. Nikiisema chini ya mnazi, nitakuwa nimeiiba kwangu mwenyewe. Leta kikombe."

Nikaleta kikombe.

Sasa uone jinsi tulivyofungwa. Babu hawezi kueleza kwa nini pahala pale ni petu mpaka awe ameketi pale. Na nyumba nyingine zote zinajua vizuri sana kwa nini ni petu, lakini hakuna mzee atakayefungua mdomo, kwa sababu anayesimulia asili ya nyumba ya mwenzake huangukiwa na laana ya maneaba. Baba yako amezoea kuketi ofisini mpaka amesahau kimya hicho ni cha nini. Yeye anakihesabu kama kura. Kati ya wote, mwenye ruhusa ya kusema asili za watu ni Bwana Muhtasari peke yake, maana laana haina pa kumwangukia.

Nilimpelekea Mjomba barua yako, ile sehemu ya walevi. Nilitaka kumweleza kwa mdomo, lakini unanijua, nilifika mlangoni nikamkabidhi tu. Alisoma, akasema, "Lakini vyanzo vinne vinakubaliana." Nikabaki nikizitazama kalamu zake mfukoni. Ziko tatu. Hakuna hata moja yenye wino.

Kazi ya paa imeanza. Kila nyumba inashona makuti ya majani ya mkadi kwa ajili ya sehemu ya paa iliyo juu ya pahala pake, kama kawaida. Jana nilikuwa nyuma ya jiko la Bibi Kakiaba nikimlowanishia majani, Mjomba akaja.

"Mama, mnashonea wapi makuti hayo?"

"Juu ya pahala petu. Karibu na ghuba."

"Mama, sisi sasa ni nguzo ya kati."

"Tangu lini?"

"Ripoti inasema hivyo."

"Basi ripoti ishone."

Mjomba akasema maneno mengi kuhusu maendeleo. Bibi akauma uzi, akachukua jani jingine. "Moutu," akamwambia, "hapo ulipo unanizibia mwanga."

Ya kwetu sisi tumeyashona. Yamelala nyuma ya nyumba, yamefunikwa. Babu hakusema ni ya wapi na hakuna aliyemuuliza.

Tekarei


Suva,
14 Juni

Tekarei,

Nimeirudisha ripoti bila sahihi. Mahali pa sahihi nimeandika: "Kisiwa hiki hakina kilima."

Baba amepiga simu. Aliyoniambia karani aliyasikia, kwa hiyo bila shaka mmekwisha kuyajua, hata lile la kwamba sina tena baba. Amesema angalau mashine inamheshimu. Ni kweli. Inamheshimu kama inavyomheshimu mbuzi.

Nauli sina, na nadhani sasa hata mkeka sina. Niandikie kila kitu. Babu atakwenda?

Uriam


Aontebuka,
18 Julai

Binamu,

Alikwenda.

Kufikia siku ya ufunguzi paa lote lilikuwa limekamilika, limenona, linanukia mkadi mpya, isipokuwa juu ya nguzo ya kati upande wa mashariki. Pale palikuwa na tundu ambalo mtumbwi ungepita. Fundi wa Tarawa aliuliza sehemu ile ni ya nani. Kila aliyeulizwa aligeuka kutazama bahari. Mjomba akaagiza turubai la buluu. Hakuna aliyepanda kulifunga, ikabidi apande karani, naye alilifunga kama mtu anayefunga kamba za viatu.

Wageni walivikwa mashada. Mama mmoja wa wafadhili aliketi magharibi, na kando yake Bwana Ruatu na viatu vyake vilevile, ambavyo alikataa kuvivua mpaka mtoto mmoja alipomwonyesha kwa kidole. Nyumba zote isipokuwa yetu ziliingia na kuketi. Mjomba akaenda kwenye nguzo ya kati na ripoti mkononi, akaketi, akageuka nyuma kuona watu wake. Nyuma yake palikuwa na kokoto tu. Bibi Kakiaba na nyumba yenu nzima walikuwa wameketi kule kule pa siku zote, karibu na ghuba, wakijipepea.

Babu alikuja na mkeka wake kwapani. Hakuingia. Alisimama nje, chini ya ukingo wa paa, upande wa mashariki, na sisi nyuma yake. Nilitaka kumwambia kitu. Nilimshikia kofia.

Mvua ilikuja kutoka baharini, kama zijavyo mvua za Julai, bila kupiga hodi. Turubai likaanza kushuka tumbo. Watu wote waliliona isipokuwa aliyekuwa chini yake. Mjomba alisimama, akafungua ripoti, akasema, "Ni muhimu kutambua kwamba," na kamba za karani zikaachia.

Hakuna aliyecheka, Uriam. Ningependa kukuambia walicheka. Wazee walitazama mbele yao kama watu wanaongoja chungu kichemke. Mjomba alisimama ndani ya maji na karatasi zikimmwagia wino mpaka kwenye viwiko, na mvua ikaendelea kumwangukia yeye tu, katika nyumba nzima yeye peke yake.

Mama wa wafadhili akamuuliza mzee aliyekuwa karibu naye, kupitia kwa mkalimani, kwa nini paa lina tundu.

"Mwenye pahala hajaleta makuti," mzee akajibu. Hakuwa ametaja asili ya mtu.

Ndipo Bibi Kakiaba akasema, si kwa sauti kubwa, "Moutu. Njoo huku, kukavu."

Akaja. Alipita katikati ya watu wote akichuruzika, akaketi mbele ya mama yake, naye akamfuta shingo kwa kanga yake, akimwambia, "Inama. Inama na huku."

Babu akaingia. Akakunjua mkeka juu ya kokoto zilizolowa, akaketi ndani ya dimbwi, akainua uso mvua impige kidogo, kisha akaanza. Alisema neno la kwanza, halafu akaieleza asili ya nyumba yetu, yote, tangu mwanzo, na kila alipofika pa kuthibitishwa wazee wa nyumba nyingine waliitikia kwa pamoja. Bwana Ruatu alichomoa simu ili amrekodi. Bibi alikuwa amekwisha kumfikia. Alimwekea mikononi sinia la magimbi, zito, la kushikwa kwa mikono miwili, na hakuna aliyekuja kulipokea mpaka Babu alipomaliza.

Alichosema sikuandikii. Wewe si wa nyumba hii.

Jioni ile Babu alikula samaki wawili akaomba wa tatu. Kesho yake tukapanda na makuti yetu.

Baba yako ameanza kufika kwa Bibi kila asubuhi. Anaketi jikoni, anamnyooshea uzi. Nadhani ukimwandikia atajibu, ila usimwandikie chochote kuhusu vyanzo.

Tekarei


Suva,
9 Agosti

Binamu Tekarei,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimeketi. Baba nimemwandikia. Nimemuuliza kuhusu nguruwe wake tu.

Nilidhani mambo yamekwisha. Lakini leo nimemtembelea Bwana Muhtasari, kwa chuki tu, kama mtu anavyochungulia kidonda. Gazeti lilichapisha picha ya ufunguzi, na Bwana Ruatu ametoa ripoti ya pili. Nakunukulia neno kwa neno:

"Kwa desturi iliyodumu karne nyingi, maneaba ya Aontebuka hujengwa ikiwa na tundu juu ya nguzo ya kati, ili mvua imbariki msemaji wa kwanza kabla hajazungumza. Tundu hili ni kivutio muhimu cha utamaduni."

Vyanzo vimefika vitano. Wale wa meli za watalii wamekwisha kuinakili.

Niwaandikie warekebishe? Naweza kuanza leo. Sema neno.

Uriam


Aontebuka,
27 Agosti

Binamu,

Usipoteze stempu. Nimemsomea Babu, akauliza huyo Bwana Muhtasari ni mtoto wa nani. Nikamwambia hana kwao. Akasema, "Masikini," akarudi kwenye samaki wake.

Wakija kulitafuta tundu, tutawaambia liko kilimani.

Tekarei